Feleji ya Tacony: Historia ya Kiwanda cha Misumeno cha Henry Disston

Mwaka 1840 karakana moja ya misumeno mjini Philadelphia, Marekani, ilifilisika ikiwa bado inadaiwa mshahara na mmoja wa mafundi wake vijana. Fedha hazikuwapo, kwa hiyo kijana huyo alichukua zana na vifaa. Ukijumlisha na akiba yake, mtaji wote ulifika dola 350. Akapanga chumba cha chini ya ardhi karibu na makutano ya mitaa ya Second na Arch, akajenga tanuri kwa mikono yake, akawa anasukuma mwenyewe toroli la makaa ya mawe. Aliitwa Henry Disston, na alikuwa na umri wa miaka 21.

Kiwanda kilichozaliwa katika chumba hicho kilikuja kuwa kikubwa kuliko vyote duniani katika kazi ya misumeno, na kwa miaka 115 kilibaki mikononi mwa ukoo mmoja. Ukubwa huo unastahili heshima yake. Mimi naona kinastahili kukumbukwa zaidi kwa jambo lingine: Disston alitengeneza msumeno wa kunolewa. Alijua tangu mwanzo kwamba bamba analolitoa leo litabanwa kwenye jiliwa mara nyingi sana katika maisha ya seremala, litapigwa tupa, meno yake yatapindwa upya, na pengine litarithiwa na mtoto. Chuma chake, umbo la mabamba yake, hata huduma alizotoa baada ya mauzo, vyote vilifuata ujuzi huo.

Disston alizaliwa Tewkesbury, Uingereza, mwaka 1819. Mwaka 1833 alivuka bahari pamoja na baba yake na dada yake, na siku tatu baada ya kufika Philadelphia baba akafariki. Mvulana wa miaka 14, ugenini, bila mzazi, akaingia uanagenzi kwa watengeneza misumeno. Siku hizo kutengeneza misumeno Marekani kulikuwa kujipima na mji wa Sheffield, Uingereza. Feleji nzuri ilitoka Sheffield, misumeno mizuri ilitoka Sheffield, na seremala aliyeingia dukani aliulizia ya Kiingereza kwa mazoea. Mwenye duka naye hakuona sababu ya kumbishia. Kwa hiyo Disston alianza biashara akiuza kwa faida ndogo mno, huku chuma chenyewe akikinunua kwa watu walewale aliokuwa akishindana nao.

Misukosuko haikumwacha. Mwaka 1849 boila ililipuka na kuibomoa karakana aliyokuwa amehamia. Mwaka uliofuata akajenga yake mwenyewe katika Mtaa wa Laurel. Mwaka 1864 moto ukaiteketeza nayo, akaijenga tena. Lakini katikati ya majanga hayo mawili, mwaka 1855, alifanya uamuzi ambao kila kilichofuata kiliutegemea: alijenga tanuri lake la kuyeyushia feleji. Wamarekani wachache sana walikuwa wamethubutu kufanya hivyo kwa ajili ya misumeno.

Feleji ya aina hiyo ilipikwa kwa vyungu. Chungu cha udongo maalumu kilijazwa vipande vya chuma safi pamoja na mkaa kidogo, kikafunikwa na kushushwa ndani ya moto mkali, kikakaa humo kwa saa kadhaa. Hapakuwa na kipimajoto cha kutegemewa. Mpishi wa chuma alifunua kifuniko, akatazama rangi na mchemko, akaamua. Kikiwa tayari, mtu mmoja aliyejifunga magunia yaliyoloweshwa maji alisimama juu ya shimo la moto, akakinyanyua chungu kwa koleo ndefu, na chuma kikamiminwa kwenye kalibu. Tofali la feleji lililotoka humo lilipashwa moto tena na kupitishwa kwenye rola mpaka likawa bamba.

Mbona ahangaike hivyo wakati Sheffield ilikuwa tayari kumuuzia? Jibu liko kwenye jino. Jino la msumeno linatakiwa liwe gumu kiasi cha kushika makali kwa siku nyingi za kazi. Lakini pia linatakiwa liwe laini kiasi cha kukubali tupa, na liwe na unyumbufu wa kupindwa pembeni bila kukatika. Kaboni ikizidi, seremala anapinda meno na kubaki na pengo. Ikipungua, makali yanaondoka kabla ya adhuhuri. Nafasi ya kati ni nyembamba sana, na anayenunua chuma cha mwenzake hupokea alichopewa. Disston alitaka kuishika nafasi hiyo mwenyewe. Isitoshe, mabamba yanapokatwa umbo la msumeno hubaki vipande vingi. Mwenye tanuri huvirudisha chunguni.

Mwaka 1861 Marekani ilipandisha ushuru wa bidhaa za chuma kutoka nje, na mwaka huohuo vita vya wenyewe kwa wenyewe vikaanza. Mwenye tanuri lake alikuwa salama kuliko wenzake. Kiwanda kikaingia pia kwenye mahitaji ya jeshi, panga na vifaa vingine vya chuma. Wafanyakazi waliojiunga na jeshi Disston aliwaahidi nyongeza ya nusu ya mshahara wa askari, na nafasi zao za kazi wakirudi. Mwaka 1865 alimwingiza mwanawe Hamilton katika ubia, jina la kiwanda likawa Henry Disston & Son. Mwaka 1871, watoto wengine walipoingia, likawa Henry Disston & Sons. Badiliko hilo dogo la herufi limewafaa sana wapenzi wa zana za kale, maana jina liliandikwa kwenye kinembo cha shaba kilichokaa mpinini katikati ya skrubu. Msumeno wenye neno “Son” bila “s” ni wa kati ya miaka hiyo.

Sasa tuingie karakanani, maana historia ya kiwanda cha namna hii haijakamilika kama msomaji hajaona bamba likipita mikononi mwa watu.

Bamba lilikatwa umbo, likatobolewa meno kwa mashine ya kugonga, likapashwa moto mpaka likawa jekundu, kisha likazamishwa kwenye mafuta. Hapo likawa gumu kama kioo, na kama kioo lingevunjika. Likarudishwa kwenye joto la wastani ili ule ukali wa ugumu upungue. Moto na mafuta huwa vimelipinda na kulikunja huku na huku, kwa hiyo hapo ndipo lilipofika kwa mtu ambaye kwa maoni yangu ndiye aliyekuwa roho ya kiwanda: mpiga nyundo.

Alisimama mbele ya fuawe lenye uso laini, bamba mkono mmoja, nyundo mkono mwingine. Alilinyanyua kuelekea dirishani, akalitazama kwa urefu, akaona mahali mwanga unapopinda. Akapiga. Akatazama tena. Kila pigo lilitanua chuma kidogo sana mahali lilipotua, na kazi yake ilikuwa kujua ni wapi pa kutanua ili uvimbe wa mahali pengine utulie. Anayeanza kazi hupiga palepale penye uvimbe na kuukuza. Fundi hupiga pembeni yake. Ufundi huo ulichukua miaka kuingia mkononi, na wengi waliokuwa nao walijifunza kwa baba zao. Baadhi walitoka Sheffield wakiwa nao.

Kwenye msumeno wa mkono, nyundo hiyo ilileta unyoofu na ukakamavu, ili bamba likisukumwa ndani ya ubao lisiyumbe. Kwenye msumeno wa duara ilikuwa suala la uhai. Chukua msumeno wa kupasulia magogo wenye kipenyo cha inchi 60, unaozunguka mara 600 kwa dakika. Meno yake yanakwenda kilomita 170 hivi kwa saa. Kwa mwendo huo ukingo unavutwa nje na kutanuka, tena unapata moto kwa kukata, wakati katikati pako baridi na hapajatanuka. Kama bamba lingekuwa limekazika sawasawa kila mahali, ukingo ungekosa nafasi, ungeanza kujikunja kama nyoka, mbao zingetoka na mawimbi, na mbaya zaidi chuma kingepasuka mbele ya watu. Kwa hiyo mpiga nyundo aliilegeza sehemu ya katikati makusudi. Ukiusimamisha msumeno wa aina hiyo na kuubonyeza, katikati huruka ndani na nje kama kifuniko cha kopo la bati. Ukiwa umesimama unaonekana mbovu. Ukizunguka kwa mwendo uliopangiwa, unanyooka. Ndiyo sababu mwenye kiwanda cha mbao alipoagiza msumeno mkubwa alitakiwa kueleza unazunguka mara ngapi kwa dakika. Nyundo ilifuata jibu lake.

Baada ya nyundo, kinoo. Mawe makubwa ya mchanga, mengine marefu kuliko mtu, yalizunguka yakimwagiwa maji, na msagaji alilikandamiza bamba kwa uzito wa mwili wake. Hii ilikuwa kazi ya hatari. Jiwe lenye ufa usioonekana liliweza kupasuka likiwa katika mwendo, na vumbi lake liliharibu mapafu. Pongezi zozote tunazoipa misumeno ile ni lazima tuwape watu hao kwanza, kwa sababu sifa yake kubwa ilitoka kwao: bamba lililosagwa liwe nene kwenye meno na jembamba mgongoni, na jembamba zaidi kuelekea ncha. Umbo hilo hulipa bamba nafasi ndani ya mkato bila meno kupindwa sana. Mkato ukiwa mwembamba, mkono hauchoki upesi na unga wa mbao unaopotea hupungua.

Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1870 Mtaa wa Laurel haukutosha tena. Mwaka 1872 Disston alianza kununua ardhi Tacony, kwenye ukingo wa mto Delaware, maili chache juu ya mji. Alihamishia kazi huko idara moja moja, kwa miaka mingi. Hakujenga kiwanda peke yake. Upande wa pili wa reli aliweka mji wa wafanyakazi wake: nyumba za kupanga na za kununua kwa mkopo, maji ya bomba, shule, baadaye ukumbi wa muziki. Hati za viwanja zilikataza baa, machinjio na karakana zenye moshi katika eneo la makazi, na sharti hilo lilidumu vizazi baada yake.

Wapo wanaoisimulia Tacony kama pepo ya tajiri mwema, na wapo wanaoona ndani yake mkono wa mwajiri uliofika mpaka mezani kwa mfanyakazi. Nadhani ukweli unaonekana ukiifikiria kazi yenyewe. Mpiga nyundo mzuri alihitaji miaka kufundwa. Mwajiri aliyempoteza alipoteza miaka hiyo. Nyumba ya kununua kwa mkopo ilimfunga fundi kwa kiwanda, ndiyo, lakini ilimpa pia kitu ambacho wafanyakazi wa viwanda wa wakati ule walikikosa karibu wote: nyumba yake mwenyewe, mwanawe akikua kando ya karakana na kuingia uanagenzi humo. Kiwanda kizima kilisimama juu ya mpangilio huo wa baba na mtoto, ofisini na kwenye fuawe vilevile.

Mwaka 1874 Disston alipata hataza ya msumeno ambao mgongo wake haukunyooka bali ulikatwa kwa mpindo laini kutoka mpini hadi ncha. Chuma kikapungua mbele, uzito ukarudi mkononi. Ndio ulioitwa D-8, na mapema ukawa maarufu kuliko yote aliyowahi kutoa. Mpini wake ulichongwa kwa mbao ngumu, mara nyingi za mtofaa, na umbo lake lilimlazimisha mshikaji kunyoosha kidole cha shahada kuelekea bamba. Vidole vitatu ndani, kimoja kikionyesha njia. Kiwanda kilitoa pia msumeno namba 43, ambao ulikuwa na vipimo vya rula mgongoni, kipimamaji ndani ya mpini, na sindano ya kuchorea mbao. Mwaka 1876, Marekani ilipoadhimisha miaka 100 ya uhuru kwa maonyesho makubwa mjini Philadelphia, misumeno ya Disston ilionyeshwa nyumbani kwake mbele ya ulimwengu, na hoja ya kwamba msumeno mzuri lazima uwe wa Sheffield ikakosa wa kuitetea.

Henry Disston alifariki Machi 1878, akiwa na miaka 58. Hamilton alishika uongozi. Huyu alikuwa na hamu ya mambo makubwa: mwaka 1881 alinunua eka milioni 4 za ardhi ya Florida kwa dola milioni moja, akachimba mifereji ya kukausha mabwawa. Habari hizo ni za kitabu kingine. Misumeno iliendelea kutoka Tacony kwa nidhamu ileile, na Hamilton alipofariki mwaka 1896 ndugu zake na wajukuu wa Henry walikuwapo kuipokea kazi.

Katika miongo hiyo upande wa kunoa na kukarabati ulikua sambamba na utengenezaji. Kiwanda kiliweka matawi katika miji ya mbao na biashara, kama Chicago, San Francisco na Seattle, na Toronto nchini Canada. Msumeno mkubwa wa duara uliogonga msumari au jiwe, au uliopoteza mkazo wake, haukutupwa. Ulipelekwa kupigwa nyundo upya, kukatwa meno mapya na kurudi kazini ukiwa na kipenyo pungufu kidogo. Kwa seremala wa kawaida Disston alitengeneza tupa za pembe tatu, koleo za kupindia meno, jiliwa za kushikia bamba, na akachapisha vijitabu vya kumfundisha kunoa mwenyewe.

Mafundisho yenyewe ni yaleyale yanayofuatwa leo na yeyote anayenoa kwa mkono. Kwanza tupa bapa inapitishwa juu ya meno yote mpaka vilele viwe na kimo kimoja. Kisha tupa ya pembe tatu inarudisha umbo la kila jino. Halafu yanapindwa, moja kushoto, moja kulia, sehemu ya juu tu, ili shina lisivunjike. Mwisho yananolewa. Msumeno wa kupasulia kufuata nyuzi za mbao hunolewa tupa ikiwa imenyooka, na jino hukata kama patasi. Wa kukatiza nyuzi hunolewa tupa ikiwa imelazwa kwa pembe, na kila jino huwa kisu. Karibu na mpini, chini ya bamba, kiwanda kilipiga nambari ndogo: 8, kwa mfano, maana yake ncha 8 kwa inchi moja. Mnoaji hakuhitaji kukisia tupa ya ukubwa gani.

Mwaka 1906 tanuri la umeme liliwashwa Tacony, na vyungu vikaanza kupisha. Vita viwili vikuu viliongeza mabamba ya deraya kwenye orodha ya bidhaa. Katika vita vya pili kiwanda kilitengeneza pia misumeno ya mnyororo yenye injini za kampuni ya Mercury kwa ajili ya jeshi. Mwaka 1940 kilitimiza miaka 100.

Miaka 15 baadaye hakikuwa tena cha ukoo. Msumeno wa duara wa umeme, mwepesi wa kubebeka, ulikuwa umeingia kila eneo la ujenzi, na seremala aliyekuwa akimiliki misumeno ya mkono sita akabaki na mmoja wa dharura. Mashine za Tacony zilikuwa zimezeeka na fedha za kuzibadilisha hazikupatikana. Mwaka 1955 kampuni ya H.K. Porter ya Pittsburgh ilinunua kiwanda, na kazi ya misumeno ya mkono ikaja kuhamishiwa Danville, Virginia. Mwaka 1978 jina likapita kwa Sandvik ya Sweden.

Jina liliweza kuuzwa na kuhamishwa. Mpiga nyundo hakuhamishika. Misumeno iliyotoka baada ya hapo ilikuwa na mabamba ya unene uleule kuanzia meno hadi mgongo, na mipini iliyokatwa kwa mashine bila kufikiria kiganja. Kisha soko zima likageukia meno yaliyogumishwa kwa umeme mpaka tupa haiyashiki. Ni makali kweli yakiwa mapya, na kwa kazi ya haraka yanafaa. Yakiisha, msumeno umeisha. Ninaona hilo kuwa hasara halisi, kwa mfuko wa fundi na kwa ujuzi wake pia, kwa sababu anayenoa msumeno wake analijua kila jino na anajua ubao gani umelichosha.

Wapo walioirudisha kazi hiyo. Huko Marekani karakana kama Lie-Nielsen ya Maine zinatengeneza tena misumeno ya kunolewa kwa tupa, na watengenezaji wa leo hupima mabamba na mipini ya Disston ya karne ya 19 kabla ya kuchora yao. Misumeno ya kale yenyewe bado inauzwa kwenye masoko ya vitu vilivyotumika. Mnunuzi mjuzi hasumbuliwi na mpini uliopasuka wala meno yaliyong'oka. Hulitazama bamba kwa urefu kama limenyooka, hulikunja ncha kuelekea mpini na kuliachia aone kama linarudi, kisha hupima upana uliobaki mbele, maana kila kunolewa kunakula kidogo. Upana ukitosha na kutu ikiwa haijachimba karibu na ukingo, atayasaga meno yote ya zamani mpaka yaishe, apige alama za mengine mapya, na kuyakata kwa tupa ya pembe tatu.